Jina la Mji na Nyumba za Watu: Mafunzo Kutoka Glasgow

Kila mji una sura yake, na una jina lake. Sura ya mji ni nyumba, barabara na masoko yaonekanayo kwa macho. Jina lake ni yale yasemwayo na watu wa mbali, hata wasiopata kuuona. Wakuu wa miji hupenda kubadili vyote viwili, na hufanya mipango ya miaka mingi kwa ajili hiyo. Habari za Glasgow, mji mkubwa kuliko yote katika Scotland, zafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa tangu mwaka 1945 mji huo umejaribu njia tatu: kubomoa, kutengeneza, na kutangaza.

MJI WA MELI NA WA UMASKINI

Glasgow umejengwa kando ya mto Clyde. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kingo za mto huo zilijaa viwanda vya kuundia meli, na injini za gari moshi zilizotengenezwa mjini humo zilipelekwa nchi nyingi. Hata Afrika ya Mashariki ilizijua kazi za mji huo: injini za aina ya 29 za East African Railways, zilizopewa majina ya makabila, ziliundwa Glasgow katika miaka ya 1950.

Lakini waliounda vyombo hivyo walikaa kwa dhiki. Wengi waliishi katika nyumba ndefu za mawe, za ghorofa tatu au nne, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili, na choo kimoja kikitumiwa na jamaa kadha wa kadha. Mtaa wa Gorbals ulijulikana kwa msongamano huo kuliko mitaa mingine. Tena mwaka 1935 kilitolewa kitabu cha hadithi, No Mean City, kilichosimulia magenge ya Gorbals yaliyopigana kwa nyembe. Kitabu hicho kilisomwa sana, na jina baya likaenea mbali.

NJIA YA KWANZA: KUBOMOA

Mwaka 1945 Robert Bruce, mhandisi wa mji, alitoa mpango wa ajabu. Alitaka karibu majengo yote ya katikati ya mji yabomolewe, hata jumba lenyewe la Halmashauri ya Mji, na mahali pake yajengwe majengo mapya. Watu wote, alisema, wabaki ndani ya mipaka ya mji. Mwaka uliofuata wataalamu wengine wawili, Patrick Abercrombie na Robert Matthew, walitoa shauri jingine: mji umejaa mno, basi watu wengi wahamishiwe katika miji mipya. Ndipo ilipoanzishwa miji ya East Kilbride, mwaka 1947, na Cumbernauld, mwaka 1955.

Mwisho, kila mpango ulifuatwa kwa sehemu. Jumba la Halmashauri halikuguswa, lakini mwaka 1957 zilitajwa sehemu 29 za mji za kubomolewa na kujengwa upya, Gorbals ikiwa miongoni mwa za kwanza. Huko Red Road, katika miaka ya 1960, yalijengwa magorofa manane, na yale marefu zaidi yalifika ghorofa 31.

Si haki kusema kwamba kazi hiyo haikuwa na faida. Mama aliyezoea kushuka ngazi kwenda chooni usiku wa baridi alipewa nyumba yenye bafu, maji ya moto na vyumba vya watoto kulala. Wengi walihamia kwa furaha. Taabu ilitokea baadaye. Lifti ziliharibika, unyevu uliingia kutani katika majengo mengi ya namna hiyo, na maduka yalikuwa machache. Zaidi ya yote, majirani waliosaidiana tangu ujana walitawanywa huku na huko. Mwaka 1951 Glasgow ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1. Mwaka 2001 hawakufika 580,000. Ramani ilikuwa imepima ardhi na majengo, lakini haikupima ujirani.

NJIA YA PILI: KUTENGENEZA

Katika miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Katika mtaa wa Govan, wachoraji vijana wa majengo walikaa pamoja na wenyeji, wakaonyesha kwamba nyumba kuukuu za mawe zaweza kutiwa bafu na choo pasipo kubomolewa wala kuwahamisha wakaaji mbali. Vyama vya nyumba, ambavyo wenyeji wenyewe waliketi katika halmashauri zake, vilisaidiwa kwa fedha za serikali, hasa baada ya sheria ya mwaka 1974. Mwaka 1976 serikali iliacha kujenga mji mpya wa Stonehouse, ikaelekeza nguvu zake katika mitaa ya mashariki ya Glasgow. Mawe yaliyokuwa meusi kwa moshi yalisafishwa, na rangi yake nyekundu na ya asali ikaonekana tena.

NJIA YA TATU: KUTANGAZA

Mwaka 1983, Michael Kelly alipokuwa mkuu wa mji, ulianza mwito usemao Glasgow's Miles Better, pamoja na picha ya mtu mviringo wa rangi ya manjano anayecheka. Maneno hayo yaweza kusikika kwa namna mbili: kwamba Glasgow ni bora sana, na tena kwamba Glasgow hutabasamu vizuri zaidi. Mwaka huohuo lilifunguliwa jumba la kuwekea vitu vya sanaa ambavyo William Burrell, tajiri wa meli, alikuwa ameupa mji tangu mwaka 1944. Mwaka 1988 yalifanywa maonyesho makubwa ya bustani mahali palipokuwa na gati za meli, na mwaka 1990 Glasgow ulikuwa Mji wa Utamaduni wa Ulaya, cheo kilichokwisha kupewa Athens, Florence, Amsterdam, Berlin Magharibi na Paris.

Wageni walikuja, na magazeti yaliyozoea kuutukana mji yakausifu. Lakini wako wenyeji waliouliza: je, mfanyakazi ambaye kiwanda chake cha meli kimefungwa atakula sifa? Swali hilo halikuwa la wivu, kwa maana mitaa kadha ya mji ilibaki katika umaskini na maradhi hata wakati wa sherehe.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2014, Glasgow ulipopokea Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo Mkenya Flomena Cheyech Daniel alishinda marathoni ya wanawake. Kabla ya michezo, ilitangazwa kwamba magorofa matano ya Red Road yangeangushwa kwa baruti siku ya ufunguzi, ulimwengu ukitazama, ili ionekane kwamba mji umegeuka. Maelfu ya watu walitia sahihi hati ya kupinga. Walisema kwamba mahali watu walipolea watoto wao si kitu cha kuchezea, na kwamba gorofa moja lililokuwa libaki limekaliwa na wakimbizi wanaoomba hifadhi. Shauri hilo likaachwa, na magorofa ya mwisho yakaangushwa mwaka 2015 pasipo sherehe za michezo.

FUNZO

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwito mzuri ni mlango. Watu huvutwa nao, na hiyo ni faida. Lakini jina la mji hudumu pale tu ambapo mkaaji, akiulizwa na mgeni, aweza kulithibitisha kwa hali ya nyumba yake na kazi yake. Mpango uliodumu zaidi katika Glasgow ni ule uliowauliza wakaaji kwanza, kisha ukachora ramani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mpango wa Bruce na ule wa Abercrombie na Matthew ulitofautiana katika jambo gani?
2. Watu wa Red Road walipata nini, na walipoteza nini?
3. Je, yafaa mji utumie fedha kujitangaza kabla ya kutengeneza nyumba za watu wake? Toa sababu.