Blanketi la Vipande

Watoto, ninyi mkaao Lubumbashi mwaijua baridi ya mwezi wa sita. Mji wetu uko juu, karibu meta 1,200 kupita usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi hakuna mawingu ya kuifunika nchi usiku, na joto la mchana hupotea lote angani. Kumbe, alfajiri vidole vyakataa kushika kalamu!

Mwaka mmoja, mwishoni mwa mwezi wa tano, kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyesinzia kila asubuhi. Nalimkemea mara mbili. Kisha nyanya yake alikuja kunieleza: nyumbani mna blanketi moja, na watoto wanne hulala chini yake. Alalaye pembeni hufunuliwa usiku kucha, na wa pembeni ndiye huyo. Nikaona haya. Nikasema, "Mama, nitamshonea blanketi." Nalisema upesi mno. Seminari walinifundisha Kilatini, lakini sindano sikuijua, na umri wangu ulikwisha kupita miaka arobaini.

Nikaenda Makomeno kwa mama mmoja mshonaji. Ana mashini ya kukanyaga kwa miguu, na chini ya meza yake mna mfuko mkubwa wa vipande vya vikwembe, mabaki ya nguo za watu. Alipokwisha kunisikiliza akacheka.

"Furere, mabaki nitakupa. Lakini kushona utashona mwenyewe."

Blanketi la namna hii lina matabaka matatu. Juu ni vipande vilivyoungwa, katikati ni blanketi kuukuu au nguo nzito iliyochakaa, chini ni shuka. Yote matatu hushonwa pamoja kwa mkono, mishono ikipita toka juu hata chini, ili kitu cha katikati kisisogee na kujikusanya pembeni. Hewa hufungwa kati ya matabaka hayo, nayo hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo sababu nguo tatu nyembamba zaweza kushinda moja nene.

Nilitaka upana wa sentimeta 150 na urefu wa 200. Basi kila kipande nilikikata sentimeta 12, nikiacha 1 kila upande ya kushonea, kibaki 10. Vipande 15 kwa upana, 20 kwa urefu: jumla 300. Hesabu ilikuwa safi ubaoni. Lakini mguu wangu ulikanyaga mashini kwa haraka, na mahali pengi mshono ulikula sentimeta 1 na milimeta 2. Mwaona ni kitu kidogo? Kila kipande kilipoteza milimeta 4, na vipande 15 vikapoteza sentimeta 6. Mstari mmoja ulikuwa na sentimeta 150, wa pili 144. Nikauvuta ule mfupi ulingane na mrefu, na nguo yote ikajikunja kama jani bichi juani.

Mama akaitazama. Akanipa wembe, akasema, "Fumua."

Nikajibu kwa uchungu kidogo, "Mama, mtoto anaona baridi usiku huu, nami nifumue?"

Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na shuka zito, lake mwenyewe. "Mpelekee hili kwanza. Sasa fumua."

Nalifumua jioni tatu. Na makosa hayakuwa hayo tu. Nalichanganya kitambaa kizito cha suruali na kikwembe chembamba, na kile kizito kikamrarua mwenzake penye mshono. Vipande vingine nalivikata mshazari ili nisipoteze nguo, navyo vikavutika kama mpira. Yafaa kukata kwa kuufuata uzi wa nguo. Tena kulikuwa na kikwembe kipya chekundu, kizuri mno, ambacho nalikipenda kuliko vyote. Kwa bahati Mama alinizuia. Alikitia katika bakuli jeupe la maji ya moto, na maji yakawa kama damu. Nguo ya pamba yafaa kufuliwa kabla ya kukatwa, maana hutoa rangi, tena hupungua.

Jioni moja nalimsimulia habari ya Harriet Powers. Mama huyo alizaliwa mtumwa mwaka 1837 huko Georgia, Marekani. Baada ya kupata uhuru alishona kwa vipande vya nguo habari za Biblia: Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo. Mwaka 1886 kazi yake ilionyeshwa katika mji wa Athens, huko huko Georgia. Mwalimu mmoja akataka kuinunua, naye akakataa. Miaka michache baadaye umaskini ulimbana, akaiuza kwa dola 5. Baadaye alikwenda mara kadha kwa mwalimu yule kuitazama tu. Alikufa mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanzishwa. Leo kazi hiyo hutunzwa katika jumba la makumbusho huko Washington.

Mama aliacha kukanyaga mashini. "Dola tano," akasema. Kisha akanyamaza kitambo.

Nalimaliza juma moja kabla shule kufungwa. Mstari mmoja ulibaki umepinda, nami sikuwa na nguvu ya kuufumua tena. Nyanya alilitandaza blanketi mkekani, na mtoto akahesabu vipande kwa kidole hata 300. Kidole kikasimama penye mstari ule.

"Furere, hapa pamepinda."

"Ndiyo," nikasema, "najua."

Kesho yake hakuja shuleni hata saa tatu. Nikamwuliza kwa nini amechelewa. Alikuwa amelala.

Maswali
Kwa nini Mama alitoa shuka lake?
Kama mshono ungekula milimeta 3 zaidi kila upande, vipande 15 vingepoteza sentimeta ngapi?
Nyumbani kwenu mabaki ya nguo huwekwa wapi?