Mafunzo Niliyopata Tangu Nivue Gwanda la Jeshi

Nilirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Muheza, mwaka 1981. Nilikuwa nimepigana Vita vya Kagera, kisha nikabaki Uganda na kikosi changu. Nyumbani walinipa ubalozi wa nyumba kumi, na kuanzia 1994 nikawa mwenyekiti wa kijiji kwa vipindi vinne. Wewe unayejiandaa kugombea, nakuandikia yale yaliyonigharimu.

1. Uliza kabla ya kupiga rimu

Msaragambo wangu wa kwanza ulikuwa wa kuzibua mtaro wa barabara. Saa kumi na mbili asubuhi niligonga rimu la gari lililoning'inia kwenye mwembe. Walikuja watu sita. Nikaandika majina ya wasiofika, nikawatoza faini. Wiki iliyofuata walikuja wanne.

Mzee jirani akaniita barazani kwake. "Mwanangu, huu ni msimu wa machungwa. Lori likinipita niko mtaroni, mzigo wangu unaozea shambani. Ulimwuliza nani?"

Sikuwa nimemwuliza mtu. Jeshini amri ilitosha. Nikapita nyumba kwa nyumba: lini una nafasi, nani ana sururu, nani anauguza. Tukakubaliana Jumapili alasiri, na mtaro ukaisha kwa siku mbili. Faini nilizifuta.

2. Soma mapato na matumizi hata kama hukuiba

Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2006, kata zilipohimizwa kujenga sekondari, tulichangishana kaya kwa kaya. Stakabadhi nilizitunza kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Bei ya saruji ikapanda, tukapata mifuko pungufu, nami sikumweleza mtu. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mimi niliacha miezi tisa ipite. Wakati huohuo niliezeka nyumba yangu bati jipya, kwa fedha za machungwa yangu. Watu wakaunganisha mambo wenyewe.

Siku nilipoitisha mkutano, mama mmoja muuza maandazi alisimama. "Mwenyekiti, mimi nimetoa elfu tano. Nionyeshe tofali langu."

Nilighadhibika. Nikasema sikupigania nchi hii ili niitwe mwizi, nikaufunga mkutano. Usiku mke wangu alilimwaga lile kopo mezani. "Kama hukula, unaficha nini?"

Tulihesabu hadi alfajiri. Zilikosekana shilingi 11,400 ambazo sikuweza kuzieleza. Nilizilipa mfukoni mwangu, na kwenye manila niliyoigongelea mlangoni pa ofisi nikaandika hivyo hivyo: zimekosekana, mwenyekiti amelipa. Nilisubiri matusi. Badala yake mama yule alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akauliza saruji iliyobaki imehifadhiwa wapi. Kabla ya mwezi kwisha, waliokuwa wamegoma walileta michango yao.

Utumishi wako wa zamani, hata uwe wa damu, hauwezi kuwa stakabadhi. Kila mchango una hesabu yake, na mwenye kuutoa asilazimike kukuomba.

3. Wasogeze mbele wanaokaa nyuma

Kisima cha pampu tulikipangia mahali sisi wanaume peke yetu, karibu na maduka. Wanawake walikuwa wameketi nyuma kwenye kanga zao, na sikuwapa nafasi ya kusema. Kumbe mahali pale ni mlima kwa mwenye ndoo kichwani. Mwaka mzima njia ya chemchemi ya zamani iliendelea kung'aa kwa nyayo, na pampu ikaota kutu. Tangu hapo kila jambo la maji niliwauliza kwanza wanaoyachota.

4. Kabidhi muhuri ungali na nguvu

Mwaka 2014 wengi walinitaka niendelee, na moyo wangu ulitaka pia. Niligundua nimeanza kusema "kijiji changu." Sikuchukua fomu. Kilichonishangaza ni upweke wa miezi ile ya mwanzo: hakuna anayebisha hodi usiku, hakuna barua ya kugonga muhuri. Jiandae kwa hilo, tena mapema.

Mwenyekiti wa sasa ni binti niliyemfahamu akiwa mtoto wa shule. Juzi alipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mtaro uleule, akanikuta nanoa jembe.

"Shikamoo babu. Jumapili utaweza?"

"Marahaba. Nitaweza, lakini saa kumi jioni mgongo wangu unaomba ruhusa."

Akaandika kwenye daftari lake.