Hisabati ya Sekondari Msingi: Kamba, Paa la Mabati na Gorogoro

Mwanafunzi wa Sekondari Msingi ana vipindi vitano vya hisabati kila wiki, kila kimoja cha dakika 40. Vipindi hivyo sasa vina uzito zaidi. Mnamo Aprili 2025, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Wanaochagua mkondo wa STEM watasoma hisabati ya kina. Wale wa Sayansi ya Jamii na wa Sanaa na Michezo watasoma ile ya mahitaji ya kila siku. Kwa hivyo, anayemaliza Gredi ya 9 akiwa amekariri kanuni asizozielewa atabeba mzigo huo miaka mitatu zaidi.

Kuna njia ya kuupunguza: mwanafunzi apime kitu halisi kwanza, kanuni ije baadaye. Katika wadi ya Ngoliba, Thika Mashariki, vifaa vya kazi hiyo havihitaji bajeti kubwa. Mifano mitatu ifuatayo inaweza kujaribiwa katika shule yoyote ya kaunti.

Mfano wa kwanza: kamba ya fundi

Kanuni ya Pythagoras hufundishwa Gredi ya 7. Kabla ya kuiandika ubaoni, mwalimu awape wanafunzi kamba, tepu ya kupimia na vigingi, kisha awaambie waweke alama za msingi wa chumba uwanjani. Kutoka kwenye kona wapime mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Halafu wapime umbali kati ya ncha hizo mbili. Ukiwa mita 5 kamili, kona ni nyuzi 90. Ukizidi 5, kona imepanuka, ukipungua, imebana.

Mafundi wa ujenzi hutumia mbinu hii kila siku. Wakirudi darasani, wanafunzi wachore miraba juu ya pande hizo tatu na wahesabu: 9 na 16 ni 25. Kisha wajaribu 6, 8 na 10. Mwanafunzi aliyeona kona ikikaa sawa kwa mikono yake hatauliza kanuni hiyo ni ya nini.

Mfano wa pili: maji ya paa

Ngoliba ni kavu kuliko sehemu za juu za Kiambu, na kila mwanafunzi anajua thamani ya mtungi wa lita 20. Hapo pana somo la eneo, ujazo na asilimia. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Darasa lenye paa linalofunika mita 8 kwa mita 5 lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 10 italeta lita 400, sawa na mitungi 20.

Mwalimu asiishie hapo. Aulize: je, mfereji wa paa ukivuja na asilimia 20 ya maji ipotee? Zitabaki lita 320, au mitungi 16. Tangi la lita 10,000 litahitaji mvua ya milimita ngapi ili lijae iwapo hakuna kinachopotea? Jibu ni 250. Wanafunzi wanaweza kupima mapaa ya kwao nyumbani na kuleta hesabu zao wiki inayofuata.

Mfano wa tatu: gorogoro sokoni

Faida na hasara huchosha zikiwa za vitabuni tu. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa Sh3,600 na kuliuza kwa gorogoro ya kilo 2 kwa Sh100. Atapata gorogoro 45 na mapato ya Sh4,500. Faida ni Sh900, yaani asilimia 25. Sasa ongeza nauli ya Sh200: gharama inafika Sh3,800, faida inashuka hadi Sh700, na asilimia inakuwa takriban 18. Wanafunzi wagawane majukumu ya muuzaji, mnunuzi na mweka hesabu, kisha wabadilishe bei wenyewe.

Lugha na daftari

Hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwanafunzi hukwama kwenye swali kabla ya kufika kwenye hesabu. Inafaa vikundi vijadiliane kwanza kwa Kiswahili, Kikuyu au Kikamba, kisha vieleze jibu kwa lugha ya mtihani.

Shughuli za nje haziwezi kuchukua nafasi ya mazoezi. Katika kipindi cha dakika 40, kupima kunaweza kuchukua 15, kukokotoa 15, na 10 za mwisho ziwe za kueleza na kuandika. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho za mwanafunzi, KPSEA asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Daftari ni lazima lijazwe.

Jukumu la mzazi

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini, huku walimu wa Sekondari Msingi wakiwa chini ya TSC. Hata hivyo, hesabu ni ile ile: kijana atakayejiunga na chuo cha kiufundi kusomea uashi atakutana tena na kamba ya 3, 4 na 5.

Mzazi hahitaji kuijua kanuni ndipo asaidie. Amwachie mtoto ahesabu chenji, apime shamba kwa hatua, au akadirie maji yaliyosalia tangini. Mtoto akitoa jibu, amuulize, "Umejuaje?" Anayeweza kueleza alivyofika kwenye jibu ameelewa. Asiyeweza, mwalimu wake anafaa kujua mapema, kabla ya Gredi ya 9.