SOMO: ZIWA LIMEFUNGWA AO LIKO WAZI? NAMNA YA KUSOMA SHERIA ZA UVUVI



Kila mwaka, mvua ikikaribia kuisha, maneno yanakuwa mingi kando ya ziwa. Huyu anasema: "Ziwa limefungwa." Yule anajibu: "Hapana, ni mwezi tu unaangaza, wavuvi wanapumuzika." Wa tatu anasema: "Kufunga ni kule Burundi, huku kwetu hakuna shida." Na mwanafunzi mwenye ndoano moja, anayependa kuvua siku ya mapumziko, anauliza: "Na mimi je, niko ndani ya sheria ao inje yake?"

Tumeona ni vema kulichunguza jambo hili sawasawa. Sheria za uvuvi zinaonekana kama nyavu zilizofungana, lakini mtu akizishika kwa maswali manne, zinafunguka. Maswali ndiyo haya: Wapi? Lini? Kwa chombo gani? Juu ya nini?

1. WAPI?

Jambo la kwanza ni kujua jina la maji. Hakuna sheria moja kwa maziwa yote. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Kongo ina karibu 45 kwa mia ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8, na Zambia 6. Samaki hana paspoti. Analala Kongo na kuamukia Burundi. Ndiyo sababu nchi hizo nne zilitia sahihi mapatano mwaka wa 2003 kule Dar es Salaam, ili zilinde ziwa pamoja. Nchi moja ikifunga na jirani yake akiendelea kuvua, kufunga kule kunasaidia kidogo tu.

Ziwa Edouard nalo lina habari nyingine, maana upande wetu liko ndani ya Parke ya Virunga. Pale wavuvi wanaruhusiwa kutokea katika vituo vilivyokubaliwa, kama Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Tena mahali samaki wanapozalia hapavuliwi. Basi, mtu aliyezoea desturi za Uvira asifike Vitshumbi na kusema, "Kwetu tunafanya hivi."

2. LINI?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu wanachanganya mambo mawili.

(a) Mapumziko ya mwezi. Wavuvi wa ndagala wanatumika usiku kwa taa. Taa inakusanya samaki, kisha wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru iko kila mahali, samaki hawakusanyiki tena penye taa. Basi wavuvi wanakaa siku kadhaa na kutengeneza nyavu. Hiyo ni desturi ya kazi yenyewe. Haitoki kwa serikali, na inarudi kila mwezi.

(b) Kufungwa kwa ziwa. Hii ni amri, nayo ina tarehe mbili, ya kufunga na ya kufungua. Mwaka wa 2024 nchi zile nne zilipatana kufunga Tanganyika tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano hadi tarehe 15 ya mwezi wa nane. Lakini tusiseme, "Ilikuwa vile mwaka ule, basi ni vile siku zote." Tangazo la kila mwaka lisomwe upya.

Tena tarehe za ziwa moja si za ziwa lingine. Kwenye ziwa Moero, ambalo Kongo na Zambia wanagawanya, Zambia inafunga tangu tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili hadi mwisho wa mwezi wa pili, maana yake wakati wa mvua. Kwa miaka mingi sheria haikuwa ileile pande zote mbili. Ng'ambo moja wavu ulikuwa kosa, ng'ambo ya pili ulikuwa kazi ya kila siku.

3. KWA CHOMBO GANI?

Mara nyingi sheria haikatazi kuvua. Inakataza namna ya kuvua. Sumu na baruti vinakatazwa siku zote, hata wakati ziwa liko wazi. Chandarua cha mbu hakikutengenezwa kwa samaki: tundu zake zinazuia hata kitoto cha jana. Wavu wa kukokota mpaka ufukoni nao ni adui, kwa sababu watoto wa samaki wengi wanakaa karibu na ufuko.

Na ndoano yako moja? Usijiamulie mwenyewe kwamba ni mchezo tu. Angalia maneno ya tangazo. Kama limesema "uvuvi wote", ndoano iko ndani. Kama limetaja nyavu za namna fulani, ni neno lingine. Kama halieleweki, uliza ofisi inayohusika mbele ya kwenda, si nyuma ya kukamatwa.

4. JUU YA NINI?

Sheria isiyojulikana sababu yake inaonekana kuwa uonevu. Tutoe mfano mmoja. Zamani katika Moero na mto Luapula kulikuwa na samaki mwingi sana anayeitwa mpumbu. Mvua zikianza, alipanda mto kwa makundi makubwa kutaga mayai. Watu walijua njia yake, wakaizibia nyavu, wakamvua akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 yale makundi yalikuwa yamekwisha. Yule mama aliyeuzwa sokoni pamoja na mayai yake alikuwa samaki wa miaka iliyofuata.

Ndagala ana bahati kidogo: maisha yake ni mafupi, yapata mwaka mmoja, na anazaa upesi. Akipewa nafasi, anaweza kuongezeka upesi pia. Hiyo ndiyo maana ya kumupumuzisha.

SASA, NENO GUMU

Miezi mitatu bila wavu ni miezi mitatu bila franka. Tena inaanguka wakati wa mitihani, wakati wazazi wanatafuta pesa ya masomo. Baba akiuliza, "Samaki atapumuzika, na tumbo je?" asichekwe. Swali lake ni la haki, na wanaofunga ziwa wanapaswa kulijibu.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo sisi wanafunzi tunaweza kuipunguza. Tangazo mara nyingi linaandikwa kwa Kifaransa. Mzazi asiyekisoma anaishi kwa kusikia-sikia. Anaacha kazi siku ambazo ziwa liko wazi, ao anaingia majini siku limefungwa na kupoteza nyavu zake. Mwingine analipishwa faini na mtu ambaye hana hata karatasi mkononi. Basi, wewe unayejifunza Kifaransa, tangazo likibandikwa, chukua kalamu na uandike mambo matano: jina la maji, siku ya kufunga, siku ya kufungua, vyombo vilivyotajwa, na nani ametia sahihi. Rudi nyumbani ueleze kwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. Na mtu akiombwa faini, aulize sheria yenyewe na adai risiti.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mapumziko ya mwezi na kufungwa kwa ziwa.
2. Kwa nini Moero na Tanganyika hazina tarehe moja?
3. Nchi moja ikifunga Tanganyika peke yake, ni nini itatokea?
4. Rafiki yako anasema: "Ndoano si uvuvi." Utamujibu nini?

Mujibu kwa maneno yenu wenyewe, si kwa kunakili.