Upepo ndio unaokula masikio ya dereva wa pikipiki

SWALI: Nina miaka 34 na kazi yangu ni kusambaza vipuri kwa pikipiki kati ya Morogoro na Chalinze, siku tano au sita kwa wiki. Nikirudi jioni masikio yanalia "nziii" mpaka nipitiwe na usingizi, na mke wangu analalamika kwamba redio naifungulia sauti kubwa mno. Wapo wanaonishauri nibadilishe ekzosi, wengine nivae vizibo vya masikio, lakini nahofia nisije nikashindwa kusikia honi za malori. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Tuanze na ekzosi, maana hapo ndipo fedha yako ingepotea bure. Pikipiki ikiwa imesimama, injini ndiyo inayosikika. Ikishaingia barabara kuu na mshale ukavuka 60, upepo unaipiku injini. Hewa inayojigonga kwenye kofia ngumu haitelezi kimya kimya. Inachanika, inajisokota pembezoni mwa kofia na chini ya kidevu, na msokoto huo ndio ngurumo unayoisikia safari nzima. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza, akiwemo daktari wa masikio A. W. McCombe, walipima kelele iliyofika kwenye masikio ya madereva waliovaa kofia. Walikuta takriban desibeli 90 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, na takriban 110 kwa kasi ya 160. Ukikadiria katikati ya ncha hizo, dereva anayekwenda 80 anapata kama 95. Zisikudanganye kwa kuwa zinaonekana zimekaribiana. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele, kwani kila tatu zinazoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu. Ndiyo maana taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na muda huo unakatwa nusu kila zinapoongezeka tatu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa moja tu kwa 94. Kutoka Morogoro hadi Chalinze ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Kwa hiyo unapofika Chalinze posho ya siku nzima ya masikio yako imekwisha, na bado hujageuza kurudi.

Wengi husema masikio yamezoea. Hapa nataka niwe mkali kidogo, kwa kuwa neno hilo limewapotezea watu wengi usikivu wao. Ndani kabisa ya sikio, katika mrija uliojikunja kama konokono, mna chembe zenye vinyweleo zipatazo elfu 15 ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda ubongoni. Kelele ikizidi, chembe hizo huchoka. Ukizipumzisha usiku hujikongoja zikarudi, na asubuhi unaona mambo ni shwari. Zikichoshwa kila siku huanza kufa, na kwa binadamu chembe iliyokufa haioti nyingine mahali pake. Mlio wa jioni unaousimulia ni dalili ya uchovu huo. Ukifika wakati ngurumo ya upepo haikusumbui tena kama mwanzo, usiseme umezoea, huenda ni kwamba sehemu ya usikivu imekwisha kuondoka. Inayotangulia kuondoka ni milio myembamba, ile ya karibu na hezi 4,000, ambako ndiko ziliko konsonanti kama s, f, sh na th. Mtu aliyepoteza milio hiyo anasikia kwamba anasemeshwa, ila hana hakika kama ameambiwa "thamani" au "samani", "fika" au "shika". Anaongeza sauti ya redio, irabu zinanguruma zaidi, konsonanti zinabaki palepale. Mkeo hakulalamikii bure; amekufanyia kipimo cha kwanza bila kujua.

Je, kofia ngumu ndiyo ya kulaumiwa, na pengine uiache? Hapana, hata kwa safari ya dakika tano. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo, kofia haikuundwa kuwa kinga ya kelele. Sponji yake huzuia vizuri milio myembamba, huku ngurumo nzito ya upepo ikipita kana kwamba hakuna kitu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Bath na Bath Spa, Uingereza, walifanya majaribio kwa kupuliza upepo kwenye kichwa cha bandia kilichovishwa kofia, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba uwazi wa chini ya kidevu ni chanzo kikubwa cha kelele inayofika sikioni. Hilo lina faida kwako leo hii. Kofia iliyolegea, ile inayozunguka ukigeuza shingo, inaacha mlango wazi, kwa hiyo vaa inayokubana mashavu bila kukuumiza, funga kioo chake, kisha zungushia skafu shingoni na kuijaza kwenye ule uwazi wa kidevu, ukiwa umezichomeka ncha zake ndani ya koti zisipeperuke. Kama pikipiki yako ina kioo cha mbele, kichunguze pia. Upepo unaoruka juu ya ukingo wa kioo hutoka umevurugika, na ukikuangukia usawa wa kofia unapiga kelele kuliko upepo ulionyooka. Kioo kirefu kidogo zaidi, au kifupi zaidi, au kutokuwa nacho kabisa, vyote vinaweza kuwa nafuu kutegemea kimo chako. Usikinunue kwa kuwa mwenzako kimemfaa.

Yote hayo yanapunguza, lakini hayatoshi kwa mtu anayekaa barabarani saa mbili na zaidi kila siku. Kinachobaki ni vizibo, na hofu yako juu ya honi ni ya mtu mwenye akili, inastahili jibu kamili. Swali si kama kizibo kitapunguza sauti ya honi, kwa sababu kitaipunguza. Swali ni honi hiyo inashindana na nini. Ili uitambue lazima ijitokeze juu ya ngurumo ya upepo, na kizibo hushusha vyote viwili, honi na ngurumo, kwa hiyo tofauti kati yavyo haipotei. Miwani ya jua nayo hupunguza mwanga wa barabara sawa na mwanga wa jua, na bado mchana wa jua kali unaiona barabara vizuri zaidi ukiwa umeivaa. Zaidi ya hapo, sikio lililolemewa na kelele kubwa halichambui sauti vyema. Ukilipunguzia mzigo linafanya kazi yake. Tena fikiria dereva asiye na kizibo baada ya saa nzima ya upepo: usikivu wake umeshafifia kwa uchovu, naye hana habari. Pamoja na hayo, pingamizi lako lina ukweli wake katika mazingira mawili. Mjini, kwenye kasi ya 30 au 40, upepo ni mdogo na sauti za jirani zina maana kubwa, hapo vitoe. La pili linakuhusu wewe hasa. Vizibo vya sponji huzuia milio myembamba kuliko minene, na mtu ambaye tayari amepoteza sehemu ya usikivu anaweza kweli kuikosa honi. Kwa hiyo kapimwe kwanza. Ukionekana umepungukiwa, mweleze mtaalamu kazi yako na umwulize kuhusu vizibo vyenye kichujio, ambavyo hupunguza sauti zote kwa usawa zaidi.

Vya sponji ni vya bei ndogo, vinapatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa na maduka ya vifaa vya kazi, lakini kizibo kilichovaliwa vibaya ni pambo. Nawa mikono. Kisokote mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika kivimbe ndani. Pakiti ikiandika inapunguza desibeli 33, wewe hesabu nusu, kama 15. Zinatosha: 95 ukitoa 15 unabaki na 80, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa salama hadi saa 40 kwa wiki. Pamba kavu wanayojaza wengi haizuii kitu cha maana. Spika za masikioni zenye muziki ni mbaya zaidi, maana ili muziki usikike lazima uushinde upepo. Na kama sikio linatoa usaha au linauma, usiliingize chochote mpaka litibiwe.

Kuna kinga nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni mkono wako wa kulia. Ukishuka kutoka 80 hadi 60, kelele inapungua kwa takriban desibeli 5, yaani nguvu yake inabaki kama theluthi. Utasema muda ni fedha, na ni kweli: kwa kilomita 85 hivi utachelewa kama dakika 20. Lakini hata ukiziongeza dakika hizo kwenye hesabu, kelele yote itakayokuwa imeingia masikioni safari nzima ni chini ya nusu ya ile ya awali. Mwajiri anayekuhesabia dakika afahamu pia kwamba nchini Kenya, kwa mfano, kanuni za mwaka 2005 zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8 mahali pa kazi na kumdai mwenye kiwanda awakinge watu wake. Mtu anayesambaza mali ya tajiri juu ya pikipiki naye yuko kazini, na vizibo vyake vingefaa kutoka kwenye mfuko wa tajiri.

Nenda kliniki ya masikio ya hospitali ya rufaa, uombe kupimwa usikivu. Uende asubuhi, baada ya angalau usiku mmoja mzima bila pikipiki wala muziki mkubwa, ili uchovu wa jana usichanganywe na upungufu wa kudumu. Ila ikitokea sikio moja limeziba ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, usisubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za hali hiyo hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema.