Karatasi ya Maabara Imerudi: Tuisome Namna Gani?

Somo la leo tumeliandika kwa ajili ya wale wanaolima mahali ambapo udongo ukikauka unatoa unga mweupe juu, ama ukinyeshewa unateleza kama sabuni na ukikauka unakuwa matofali. Wenzetu wa Bura na Hola, Taveta, Marigat na sehemu za Kajiado wanajua tunachosema. Wengi huuita udongo wa magadi. Kumbe si kila udongo unaoitwa hivyo una magadi, na hapo ndipo pesa ya kikundi inapotelea.

Miaka ya karibuni wakulima wengi wamefundishwa kuweka chokaa shambani. Mafundisho hayo ni sawa kabisa kwa udongo uliochachuka, kama ule wa sehemu nyingi za Kakamega, Trans Nzoia na Uasin Gishu. Lakini mtu wa Kimana akisikia hayo redioni akanunua chokaa, anaongeza chumvi kwa mboga iliyokwisha kuzidi chumvi. Jivu la jikoni ni vivyo hivyo. Kwa hivyo msinunue kitu chochote cha kutibu udongo kabla ya kupima.

Kupima kunaanza shambani. Tembeeni shamba kwa kupindapinda kama nyoka, mkichimba mahali 15 hivi, kina cha sentimita 20. Ruka penye kichuguu, chini ya mti, kando ya ua na mahali palipolala ng'ombe. Changanyeni udongo wote kwa ndoo safi ya plastiki, halafu mtoe nusu kilo tu. Anikeni kivulini. Msitumie gunia la mbolea hata kama limeoshwa, kwa maana maabara itapima hiyo mbolea badala ya udongo wenu. Na msichanganye pahali pabaya na pahali pazuri. Kama mahindi yanakufa upande wa chini na upande wa juu yanamea, hizo ni sampuli mbili, na malipo ni mara mbili. Tunajua inauma, lakini sampuli moja ya kuchanganya haitawaambia habari za upande wowote. Pahali pabaya chukueni pia udongo wa chini, sentimita 20 hadi 50, kwa maana mara nyingi ubaya umejificha huko.

Maabara ya KALRO iko Kabete (wazee wengi bado wanaiita KARI), na ziko za watu binafsi pia. Mkipeleka, andikeni kwamba mnashuku magadi, na muombe wapime pH, EC, CEC na sodiamu. Msiposema, mnaweza kupewa kipimo cha kawaida ambacho hakina sodiamu.

Sasa karatasi imerudi. Wengi hutazama pH peke yake. Saba ni katikati. Chini ya hapo udongo una uchachu, juu ya hapo una alkali. Ikiwa kati ya 7.5 na 8.4, kwa kawaida ni udongo wenye chokaa ya asili. Ikipita 8.5, shukuni sodiamu, ambayo ndiyo iliyo ndani ya magadi tunayopikia maharagwe. Lakini pH haitoshi kuwaambia mnunue nini.

Namba ya pili ni EC, yaani wingi wa chumvi iliyoyeyuka. Ikifika 4 na zaidi, udongo una chumvi ya kuzuia mimea mingi isinywe maji. Angalieni kipimo kilichoandikwa kando yake. dS/m na mS/cm ni kitu kimoja, lakini µS/cm ni ndogo mara elfu, kwa hivyo 900 ya hiyo ni 0.9 tu. Mtu anaweza kuona 900 akaacha shamba lake bure. Tena, hiyo 4 ni ya maabara inayopima kwa udongo uliolowa tu hadi kuwa uji mzito. Wakiongeza maji mengi namba inashuka, basi ulizeni wamepima namna gani.

Ya tatu ni sodiamu, na ndiyo inayosahaulika. Gawanyeni sodiamu kwa CEC, kisha zidisheni kwa 100. CEC ni uwezo wa udongo wa kushika chakula cha mimea. Jibu likiwa 15 au zaidi, udongo umeharibiwa na sodiamu, na kwa udongo mzito wa mfinyanzi matata yanaweza kuanza hata chini ya hapo. Kama sodiamu imeandikwa kwa ppm, igawanyeni kwanza kwa 230.

Ebu tufanye hesabu. Tuseme kikundi kina mashamba mawili yanayopakana. La juu: pH 8.1, EC 0.4, CEC 28, sodiamu 0.6. La chini: pH 9.0, EC 1.1, CEC 30, sodiamu 6. Shamba la juu ni 0.6 kugawanya kwa 28, mara 100, inakuwa 2. Hakuna magadi hapo. La chini ni 6 kwa 30, inakuwa 20. Hapo sasa ndipo kuna ugonjwa, ingawa EC yake ni ndogo na mtu angesema halina chumvi.

Shamba la juu halihitaji dawa ya udongo. Shida yake ni kwamba fosforasi, zinki na chuma vimefungwa na chokaa. Mtaona majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, na mahindi machanga yakiwa na mistari myeupe. Wekeni samadi iliyooza vizuri, TSP kidogo ndani ya shimo karibu na mbegu badala ya kumwaga kila mahali, na zinki ya kunyunyizia majani. Kwa kukuzia, SA inafaa kuliko urea. Ukitumia urea lazima uifukie, la sivyo inapeperuka hewani. Juu ya fosforasi, kuna kitu kimoja cha kuuliza maabara: wametumia Olsen ama Mehlich? Olsen ndiyo ya udongo wa namna hii. Zile za asidi, kama Mehlich ya kwanza, hudanganyika penye chokaa nyingi.

Shamba la chini linahitaji jasi, ambayo kalsiamu yake inasukuma sodiamu itoke. Jasi inachimbwa hapa Kenya, Kajiado ikiwamo, na viwanda vya saruji ni wanunuzi wakubwa. Kila kipimo kimoja cha sodiamu cha kutoa, kwa kina cha sentimita 15, kinataka karibu tani 0.7 kwa ekari. Kushuka kutoka 6 hadi 3 ni tani 2.1, yaani magunia 42 ya kilo 50, na zaidi kama jasi si safi. Halafu lazima maji mengi yapite, na mtaro wa kuyatoa uwe wazi. Bila mtaro sodiamu haiendi mahali, na magunia 42 yamezikwa. Sisi tungeanza na kipande cha mita 5 kwa 5, kilo 13 za jasi, na kukitazama msimu mmoja kabla ya kuchanga pesa.

Kama EC ndiyo imepita 4 na sodiamu iko chini ya 15, jasi si dawa. Ni kuosha kwa maji mazuri na mtaro. Maharagwe na vitunguu huumia upesi kwa chumvi. Nyasi ya boma rhodes huvumilia, na inauzwa.

Wasio na pesa ya maabara leo wanaweza kuanza nyumbani. Tieni bonge kavu la udongo, kubwa kama haragwe, kwa glasi ya maji ya mvua bila kutikisa. Baada ya saa chache, likizungukwa na wingu kama maziwa, shukuni sodiamu. Bonge lingine limwagieni siki. Likitoa povu lina chokaa tayari. Hii haitoi namba, lakini inawaonyesha ni kona gani ya shamba ipelekwe maabara.

Wanaonyunyizia maji ya boholi wapeleke pia chupa moja ya maji hayo, nusu lita, iliyojazwa hadi mdomoni. Maji yenye sodiamu yatarudisha kila mwaka kile ambacho jasi imetoa.

Kwenye mkutano ujao jadilianeni: ni shamba gani litapimwa kwanza, na nani analipa ikiwa ni la mwanachama mmoja? Maji ya kuosha yatapitia shamba la nani, na yeye ameulizwa?