Leseni ya Karatasi Hadi Kadi: Dereva wa Makandana Aanzie Wapi

Kaa kijiweni Makandana asubuhi ya mvua, na Tukuyu asubuhi za hivyo ni nyingi, utaelewa kwa nini leseni ya karatasi ilikuwa mateso. Niliwahi kuonyeshwa moja na mzee aliyeendesha malori: imefungwa kwenye nailoni, mikunjo imechanika, wino wa muhuri umesambaa hadi daraja halisomeki.

Kadi za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2010. Polisi wanakutahini, TRA wanakutolea kadi. Picha, saini na alama zako za vidole hubaki kwenye mfumo, kwa hiyo kadi ikipotea hurudii mtihani: toa taarifa polisi, kisha nenda TRA na hati ya upotevu ukaombe nyingine.

Mwenye ya karatasi aanzie kwa trafiki wa wilaya ili ihakikiwe. Beba cheti cha chuo cha udereva, namba ya NIDA na TIN. TIN ni bure; anayekudai hela ya TIN ni kishoka.

Wengi hukwama kwenye jina. Leseni za zamani ziliandikwa kwa mkono, na majina yetu ya Kinyakyusa yaliandikwa kila karani alivyosikia: huku Ambakisye, kule Ambakisie. Herufi moja ikipishana na ya NIDA, maombi yanasimama. Linganisha karatasi zako zote ukiwa nyumbani, na ukiona tofauti uliza mapema kama utahitaji hati ya kiapo, usije ukapoteza nauli na siku ya kazi.

Angalia na daraja. Pikipiki ni kundi A, gari binafsi ni D. Kijana wa bodaboda aliyepata D halafu akapewa Noah ya abiria bado hajaruhusiwa kuibeba hiyo kazi. Abiria wanataka kundi C, na mafunzo yake ni ya peke yake. Hili naomba lisichukuliwe kirahisi, maana barabara ya kuteremka Kyela ina kona na ukungu.

Mwaka 2019 ada ilipanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, na muda ukaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Ukiweka shilingi 1,200 kila mwezi, siku ya kuhuisha haikukuti mikono mitupu. Lipa kwa kontroo namba tu, si mkononi mwa mtu.

Ukikabidhiwa kadi, isome papo hapo dirishani: jina, daraja, tarehe ya kuisha.